Flashi ya marehemu mwalimu: selo na piano, mafaili tisa hayana majina. Wajuvi mnisaidie

Kinanda Kibovu

Wakuu, salaam kwenu.

Nipo Kigoma, Mwanga. Siku za kazi naandika mahesabu ya ghala la dagaa, Jumapili napiga kinanda kanisani. Nota nasoma, ila ukinitoa kwenye nyimbo za kwaya mimi ni mgeni kabisa.

Mzee aliyenifundisha kinanda tulimzika mwaka huu. Aliacha kasha la sidii, karibu zote selo (ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa) na piano, muziki wa karne ya 20. Alizichoma mwenyewe kutoka kwa wageni waliokuwa wanapita hapa, na maelezo aliyaandika kwa mkono kwenye majalada. Panya wameyala. Sisemi wameyatafuna pembeni, wameyafanya kiota na kuzalia humo. Binti yake akapeleka diski zilizopona kwa kijana wa stesheneri azihamishie kwenye flashi, kijana kahamisha tisa akachoka, kila faili kalipa namba, basi. Flashi ninayo mimi.

Nimesikiliza wiki mbili sasa na ninataka majina. Naeleza ninavyosikia, msinicheke.

Namba 1, dakika kumi na moja na ushee. Piano inaanza peke yake, kifua mbele, kama mwenyekiti wa kijiji anafungua mkutano, halafu selo inaingia kwa madaha kama mtu anayeshuka ngazi akijua anatazamwa. Katikati selo inaacha upinde, inadonolewa kwa vidole, inakuwa zeze la mlevi: inaanza, inaghairi, inaanza tena.

Namba 2, dakika mbili na nusu, ni kudonoa mwanzo mwisho. Upinde haujaguswa. Selo na piano wanakimbizana kama kuku wawili na punje moja.

Namba 3, piano inagonga kodi ileile (nota kadhaa kwa pamoja) taratibu mno, na selo inaimba juu yake wimbo usioisha. Dakika nane. Mara ya kwanza nilidhani simu imeganda.

Namba 4 nadhani imeharibika. Haifiki hata dakika tatu, ndani yake kama kuna vipande vitatu, na muda mwingi hakuna kitu. Nota moja, kimya, mkwaruzo, kimya.

Namba 5 na 6 ni wimbo mmoja, wapigaji tofauti. Ni ngoma ya kukanyaga mguu, na kuna mahali selo inateleza juu na chini kwa sauti ya filimbi. Ya 5 ina mvumo wa mkanda wa zamani na mpiga piano ana haraka kama kaacha chungu motoni.

Namba 7 nina swali la ufundi. Kwenye simu mwanzo wake ni kama mtu anakwaruza mlango. Nikaiweka kwenye sabufa, kumbe selo iko peke yake, chini kabisa, mzee anasafisha koo kabla ya kutoa mashauri. Kwa nini simu inanidanganya?

Namba 8, piano inatangulia na wimbo, selo inaupokea. Inaliza. Sitaeleza zaidi.

Namba 9, piano inapanda nota tatu tatu kama mtu anayehesabu, na selo inavuta sauti moja ndefu. Au ni fidla? Hapo ndipo nimekwama.

Mwenye kujua atiririke.

Mgebuka Mkavu

Nimeona "flashi ya marehemu" nikajua kuna urithi wa viwanja humo. Siti ya mbele nimeshikilia lakini.

Fundi Sabufa

Hiyo namba 7 niachieni mimi, majina watakuja wengine.

Mkuu, uzi mnene kuliko yote wa selo ukipigwa wazi unatikisika kama mara 65 kwa sekunde. Spika ya simu yako ukubwa wake ni kama kifungo cha shati. Haina kifua cha kusukuma hewa kwa mtikisiko wa polepole namna hiyo. Kinachokufikia ni zile sauti nyembamba za juu zinazosindikiza nota yenyewe, ndiyo hiyo kwaruzakwaruza. Nota haikupotea kwenye faili, imepotea kwenye simu.

Ila usikimbilie kuishangilia sabufa. Nimefungua sabufa nyingi hapa mjini, na karibu zote mwenyewe kazungusha besi mpaka mwisho, kaiweka kwenye kona ya ukuta, juu ya kabati la vioo. Kwa singeli sawa. Kwa selo ni maafa: nota tatu za chini zinavimba, zilizobaki zinajificha, na mkono wa kushoto wa piano unamezwa mzima mzima. Unasikia ngurumo, unadhani ndiyo utamu.

Fanya hivi. Besi irudishe katikati, trebo katikati. Vuta sabufa itoke kwenye kona, japo hatua moja. Sauti isizidi ya mtu anayeongea chumbani, kwa sababu hao ni watu wawili chumbani. Vioo vya kabati vikianza kuimba, toa vyombo.

Kama huna subira hiyo, hedifoni za waya. Hata za bei ya chini zinaishinda spika ya simu kwa mbali.

Kinanda Kibovu

Fundi, nimevuta sabufa kama ulivyoagiza. Mama watoto kauliza tunahama? Lakini namba 7 sasa nasikia mpaka pumzi ya mpigaji. Asante sana.

Mnyamwezi wa Isevya

Habari za huko Kigoma. Mimi nipo Tabora, umri umeenda, santuri nilikuwa nazo nyingi kabla mafua ya nyumba kuvuja hayajazimaliza.

Namba 1 na namba 2 nakutajia nimefumba macho. Namba 1 ni Sonata (muziki wa vyombo wenye sehemu kadhaa) ya Selo na Piano ya Claude Debussy, Mfaransa, mwaka 1915. Namba 2 ni sehemu ya pili ya sonata ya Benjamin Britten, Mwingereza, mwaka 1961, ile ambayo yote ni ya kudonoa. Na huyo mzee wako alikuwa na sikio, kwa sababu nahisi vyote viwili vimetoka kwenye santuri moja: Mstislav Rostropovich kwenye selo na Britten mwenyewe kwenye piano, ya kampuni ya Decca, wamerekodi 1961. Kwenye santuri hiyo yumo pia mtunzi Schumann, ila huyo ni wa karne ya 19, mwalimu pengine alimruka makusudi.

Sasa ngoja niwaambie watu wa Kigoma kitu kimoja. Mwanzoni mwa 1915 Wajerumani waliishusha majini pale kwenu meli ya Graf von Götzen, iliyokuja kwa vipande kwenye masanduku toka Papenburg na kuungwa hapo hapo ufukweni. Ndiyo Liemba hiyo. Miezi michache baadaye, kiangazi cha kule, Debussy yuko Pourville, pwani ya Ufaransa, mgonjwa wa kansa, nchi yake inapigana na Wajerumani haohao, anaandika hiyo namba 1. Alipanga kuandika sonata sita. Alimaliza tatu, akafa Machi 1918. Wakati huo Götzen ilikuwa imelala chini ya ziwa, wenyewe waliizamisha 1916, ikaja kuibuliwa na Waingereza 1924. Kila nikisikia ile piano ya mwanzo yenye kifua naona bati linagongwa misumari. Najua Debussy hakuwahi kuisikia Kigoma. Ni akili yangu tu.

Kuhusu Britten: alimsikia Rostropovich London 1960, akakubali kumwandikia. Walipokutana kufanya mazoezi wote wawili walitetemeka. Rostropovich mwenyewe alisimulia kwamba ilibidi kwanza zipite wiski kadhaa kubwa kubwa ndipo wakakaa kwenye viti. Halafu hawakuwa na lugha ya pamoja, wakawa wanaongea Kijerumani cha kuokoteza. Isikilize namba 2 ukilijua hilo. Wanaongea kwa vidole.

Mgebuka Mkavu

Kwaya yetu wakigundua kwamba wiski inaruhusiwa kabla ya mazoezi, kanisa litajaa.

BintiUjiji

Shikamoo Mzee wa Isevya. Umenikosha na hiyo ya Liemba, nimeisoma mara mbili nikiwa zamu ya usiku.

Naomba niongeze hapo kwa Debussy. Kwenye nota zake aliandika onyo kwa mpiga piano: asisahau kamwe kwamba hakutakiwa kupigana na selo, amsindikize. Ukirudi kusikiliza rekodi ya Britten utaona jinsi anavyolitii, hasa sehemu ya katikati, anagusa piano kama anayegusa sufuria kujua kama bado ina moto. Kuna wapiga piano wengine wakubwa tu wanapiga pale kama wanadai deni. Mimi rekodi hizo huwa sizimalizi.

Kama unayo bando, tafuta pia ya Maurice Maréchal na Robert Casadesus, mwaka 1930. Mkwaruzo mwingi, santuri za enzi hizo, lakini Maréchal hairembi. Anaipiga kama mtu anayekueleza habari, wala hana haja ya kukuliza.

Namba 3 ninaijua lakini nimeitwa wodini. Narudi.

Mnyamwezi wa Isevya

Marahaba mwanangu. Kazi njema.

Mpenda Asili

Samahani wakuu, lakini hivi ndivyo tunavyopotea. Mnachoma bando kwa miziki ya watu wa baridi wakati tuna ngoma zetu. Hapo Kigoma selo ya nini?

Kanda Upande B

Mpenda Asili, inanga ya jirani zetu Burundi umewahi kuisikia? Ile mpigaji ananong'ona huku nyuzi zinamjibu, huelewi ni yeye anaongea au ni chombo. Mtu aliyekulia na sauti hiyo ukimwekea selo na piano hashangai hata kidogo. Zeze nalo lina upinde. Hawa wa baridi walichoongeza ni ukubwa wa kasha na bei.

Na kama shida yako ni rangi ya mpigaji, kamtafute Sheku Kanneh-Mason, Mwingereza, asili ya mama yake ni Sierra Leone. Ana albamu na dada yake Isata kwenye piano, inaitwa Muse, ya 2021. Muziki wa watunzi Barber na Rachmaninoff umo humo ndani. Ndugu wa tumbo moja wakipiga pamoja kuna vitu hawahitaji kuangaliana.

Turudi kwenye mada. Namba 4 HAIJAHARIBIKA. Usiifute mkuu, chonde! Huyo ni Anton Webern, Mwaustria, Vipande Vitatu Vidogo, opus 11, mwaka 1914. Vyote vitatu havifiki dakika tatu, cha mwisho kina vipimo (vigawanyo vya mapigo) kumi tu, na nota zake unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono na miguu ukamaliza. Ni kusudi. Huyu bwana aliona kwamba akiongeza nota moja atakuwa amesema uongo.

Alikufa vibaya, 1945, vita imeshaisha, alitoka nje usiku kuvuta sigara akapigwa risasi na askari wa Kimarekani.

Rekodi inayosifiwa ni ya Gregor Piatigorsky na Charles Rosen. Piatigorsky alizoea kujaza ukumbi kwa sauti, hapo kapewa sekunde chache na kimya kingi, na kile kimya anakipiga vizuri. Jaribu hivi: zima feni, funga dirisha, subiri majirani walale. Kwa Webern jogoo mmoja tu anakuharibia albamu nzima.

Kinanda Kibovu

Kanda Upande B, nimejaribu saa nane usiku. Kipande cha kwanza na cha pili vimepita salama. Cha tatu, mbwa wa jirani. Nimerudia, akarudia na yeye.

Lakini nimeelewa kitu. Ile "mkwaruzo" niliyoandika mwanzo siyo mkwaruzo wa diski, ni upinde karibu kabisa na kidaraja kinachobeba nyuzi. Anafanya makusudi. Nilitaka kuifuta hiyo faili nipate nafasi ya picha za harusi.

BintiUjiji

Nimerudi. Namba 3 ni Olivier Messiaen, Mfaransa, "Sifa kwa Umilele wa Yesu". Ni sehemu mojawapo ya kazi yake kubwa yenye fidla, klarineti, selo na piano, lakini kwenye sehemu hii wawili wengine wananyamaza, wanabaki selo na piano. Aliimalizia akiwa mateka wa vita kwenye kambi ya Wajerumani pale Görlitz, ikapigwa mara ya kwanza humohumo kambini, tarehe 15 Januari 1941, baridi kali, wafungwa na askari wamekaa pamoja.

Maelekezo ya mwendo aliyoandika ni polepole isiyo na kikomo. Kwa hiyo simu yako haikuganda, ilikuwa inatii.

Kanda Upande B

Na selo ilikuwa na nyuzi tatu tu! Wa nne ulikatika, jamaa akapiga hivyohivyo. Hiyo ndiyo huwa inanitoa machozi.

BintiUjiji

Kaka yangu, hiyo ni chai, japo aliyeichemsha ni Messiaen mwenyewe. Alipenda kuisimulia hivyo. Lakini mpiga selo, Étienne Pasquier, alikuwa hai miaka mingi baadaye na alikanusha: nyuzi zilikuwa nne. Mwenye chombo ndiye anayejua.

Hao wawili, Messiaen na Pasquier, waliirekodi kazi hiyo mwaka 1956. Ukiipata, sikiliza selo inavyokwenda. Mtu aliyeipiga kwenye baridi ile hana haja ya kuongeza chumvi. Vijana wengi wanatikisa kidole cha mkono wa kushoto kwenye kila nota mpaka sauti inakuwa kama ya mbuzi. Pasquier ananyoosha.

Na hapa onyo la Debussy limegeuka. Piano haisindikizi kitu, piano ndiyo saa ya ukutani. Ikikosea mara moja tu, ikaharakisha kidogo, selo inabaki bila sakafu.

Kanda Upande B

Nyuzi nne. Haya. Miaka kumi na mbili nimesimulia tatu, hadi kwenye kitchen party ya dada yangu.

Mnyamwezi wa Isevya

Namba 5 na 6: Dmitri Shostakovich, Mrusi, sonata ya 1934, sehemu ya pili. Hiyo "filimbi" ni kidole kinachoteleza juu ya uzi bila kuukandamiza, unatoa sauti za juu zilizojificha ndani yake.

Hiyo yenye mvumo na haraka nina wasiwasi nayo mzuri. Shostakovich mwenyewe aliirekodi zaidi ya mara moja akiwa kwenye piano. Kuna ya 1946 na Daniil Shafran, kuna nyingine ya miaka ya 1950 na Rostropovich. Na alijulikana kwa haraka, alipiga kazi zake kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaulizwa maswali. Alikuwa na sababu. Mwaka 1936 gazeti la chama, Pravda, lilimshambulia kwa sababu ya opera yake, na 1948 wakamrudia.

Tofauti ya kuwatambua: Shafran sauti yake ni nyembamba, ya mviringo, anaimba hata pale ambapo wenzake wanakanyaga. Selo yake ilikuwa Amati, kazi ya mafundi maarufu wa Italia, ya mwaka 1630. Rostropovich anauma. Sikiliza tena kisha uniambie kama anaimba au anauma.

Kinanda Kibovu

Mzee wangu, anauma. Kwenye sekunde chache za mwanzo tu unaona ananing'inia kwenye uzi kama mtu kashika mkia wa ng'ombe.

Mnyamwezi wa Isevya

Basi usiiuze hiyo flashi.

Namba 7 nayo ni jamaa huyohuyo wa selo, au angalau iliandikwa kwa ajili yake. Sergei Prokofiev, sonata ya 1949. Inaanza hivyo, selo peke yake chini kabisa. Fundi Sabufa kaeleza kwa nini simu inashindwa. Rostropovich aliizindua Moscow tarehe 1 Machi 1950 akiwa na miaka 22, piano akiwa Sviatoslav Richter. Na kabla ya hapo ilibidi waipige mbele ya mabwana wa chama cha watunzi, ndio waamue kama wananchi wanaruhusiwa kuisikia. Fikiria unamsindikiza mtunzi mgonjwa kwenda kukaguliwa wimbo kama gunia la mahindi kwenye kizuizi.

Rekodi ya hao wawili ipo, sauti yake ya kizamani. Ukitaka iliyo safi, Yo-Yo Ma na Emanuel Ax, nao wamefungasha Prokofiev na Rachmaninoff pamoja. Mimi kwa Prokofiev nabaki na Richter. Kuna mahali sehemu ya kwanza piano inashuka chini kumfuata mwenzake, Richter anashuka kweli, wengine wanaishia ngazi ya tatu.

Soprano wa Gungu

Naona mmeiacha namba 8 mnaizungukazunguka. Kaka, kama piano inatangulia na wimbo, polepole, mara unasikia kama inakuwa huzuni mara furaha ndani ya kipimo kimoja, halafu selo inaupokea, hiyo ni Rachmaninoff, sehemu ya tatu ya sonata yake, 1901. Karne ya 20 huyu kaingia kwa tiketi ya mlangoni.

Baada ya simfonia yake ya kwanza (muziki wa okestra nzima) kuanguka vibaya mwaka 1897 alikaa muda mrefu bila kuandika kitu cha maana. Alipopona ndipo zikaja hizi. Na hakutaka iitwe sonata ya selo, kwa sababu piano ndiyo yenye kazi kubwa. Wewe wa kinanda jaribu kutazama nota zake, utatamani vidole vya ziada.

Tulijaribu kuuimba huo wimbo kwa maneno ya Kiswahili, sauti nne. Tukafika katikati besi wote wakatoweka. Haukuandikwa kwa pumzi ya binadamu.

Kinanda Kibovu

Ni yenyewe, dada. Nimeitafuta kwa jina nikaipata, ndiyo hiyohiyo. Wapigaji sasa? Maana kwenye dakika ya nne kuna sauti ya karatasi inageuzwa, na mtu anavuta pumzi kubwa.

Soprano wa Gungu

Hapo sikusaidii. Wapigaji walioirekodi hiyo ni wengi kuliko daladala za Mwanga–Ujiji.

Kanda Upande B

Namba 9, nota tatu tatu: Arvo Pärt, Mwestonia, "Kioo ndani ya Kioo", 1978. Hii ni ya fidla mkuu. Kila mtu anajua.

BintiUjiji

Iliandikwa kwa fidla, ndiyo, lakini inapigwa kwa selo pia. Kwenye albamu ya Alina ya kampuni ya ECM, 1999, imo mara tatu: fidla mwanzo, selo katikati, fidla mwisho. Selo ni Dietmar Schwalke, piano Alexander Malter.

Kinanda Kibovu, fanya hivi. Fidla haiwezi kushuka chini ya G, ile iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda chako. Weka kidole kwenye hiyo G, sikiliza faili. Sauti ndefu ikipita chini yake hata mara moja, siyo fidla.

Kinanda Kibovu

Nimekaa kanisani na simu juu ya kinanda. Imepita chini. Siyo mara moja.

Kanda Upande B

Leo nimevuliwa nguo mara mbili kwenye uzi mmoja. Nakaa kimya kama Webern.

Kinanda Kibovu

Wakuu, mrejesho.

Jana jioni nimekwenda kwa mjane wa mwalimu na majina yote nimeyaandika kwenye karatasi, kila faili na jina lake, mtunzi, mwaka. Nikabeba na sabufa ndogo, besi katikati. Nikamwambia mama, hii ni ya Debussy, hii ya Britten. Akawa anaitikia kwa adabu tu, huku anachambua mchele.

Nilipoweka namba 3 akaacha mchele. Akasema, "Hiyo ni ya pasi."

Nikamuuliza pasi gani mama.

Kumbe Jumamosi jioni mzee alikuwa akinyoosha mashati yake mwenyewe kwa pasi ya mkaa, hakutaka mtu aguse, na hiyo ndiyo alikuwa akiiweka. Ikianza anaanza na kola, ikiisha shati limeisha. Akiharakisha anaunguza, akichelewa mkaa unapoa. Mashati matano, mara tano. Mama anasema alikuwa akiuchukia huo wimbo kwa sababu chakula kilikuwa kinasubiri.

Akaniambia niurudie.

BintiUjiji

Dakika nane kwa shati moja. Mwendo wa Messiaen kabisa.

Mnyamwezi wa Isevya

Mpe pole sana mama yetu. Mimi yangu naomba uitie kwenye flashi nyingine uipe mtu wa treni anayekuja Tabora, nitampokea stesheni. Usiibane mafaili.

Fundi Sabufa

Anayetaka nakala aje Jumamosi kwangu, Kinanda Kibovu nimeshaongea naye. Njoo na flashi tupu. Ya GB 2 usije nayo, na virusi vyako baki navyo nyumbani.

Mgebuka Mkavu

Nami nakuja. Nina shati.